Je, wajua mtoto anaweza kuwa kifungua mimba kwa mama, ila kwa baba asihesabike?

Wengi tukisikia mzaliwa wa kwanza kwenye Biblia tunamkumbuka Esau na dengu zake, basi tunadhani ni kitu kimoja tu, kumbe kwenye sheria ya Kiyahudi kuna wa aina mbili na mtu anaweza akapata huu akakosa ule.

Aina moja inaangalia mama. Kutoka 13 inasema mtoto wa kiume anayefungua tumbo la mamake ni wa Mungu, lakini kazi ya hekaluni walikuja kupewa Walawi (Rashi, yule mfafanuzi wa Ufaransa wa karne ya 11, anasema wazaliwa wa kwanza waliipoteza kwa sababu ya ndama wa dhahabu), kwahiyo mtoto anakombolewa, siku 30 zikipita baba anampa kuhani shekeli 5 za fedha. Na tumbo wanalizingatia kweli kweli: aliyezaliwa kwa operesheni hakombolewi, na mdogo wake akija njia ya kawaida naye hakombolewi coz tayari kuna aliyemtangulia. Akitangulia dada, hivyohivyo.

Aina ya pili inaangalia baba, na hii ndo ya urithi. Kumbukumbu la Torati 21 inampa sehemu mbili. Sio nusu ya mali jamani, watu wengi wanachanganya hapo: watoto wa kiume wakiwa 5 mali inakatwa mafungu 6, yeye anachukua 2. Tena ni mali ya baba tu, ya mama wanagawana sawa, na iwe ile baba aliyokuwa nayo alipokufa, babu akifa baadaye urithi wake hauhesabiwi mara mbili.

Sasa mwanaume mwenye watoto wa kiume tayari akioa binti ambaye hajawahi kuzaa, mtoto wao wa kwanza akiwa wa kiume atakombolewa kwa kuhani ila sehemu mbili hapati. Geuza, mama ndo ana watoto na baba hana, mtoto anapata urithi na kuhani hapati kitu.

Kinachonigusa mimi ni sababu ya hiyo sura ya 21. Inamzungumzia mwenye wake wawili, mmoja anapendwa mwingine hapendwi, na inamkataza baba asimruke mtoto wa yule asiyependwa. Yaani hapo hapo unamuona Lea, mama yake Reubeni, maana Yakobo alimpenda mke mwingine, Raheli, na haki ya mzaliwa wa kwanza ikaenda kwa Yusufu, mtoto wa Raheli, badala ya Reubeni! Ila 1 Nyakati 5 inaeleza Reubeni aliikosa kwa kukinajisi kitanda cha babake, sio kwa ajili ya mamake.

Na baba akitaka wote wapate sawa? Mishna, ule mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, inaruhusu, mradi atamke kwamba ni zawadi. Akisema ni urithi, maneno yake hayana nguvu.