Je, wajua kwa nini kitabu cha pili cha mzimu hakitishi kama cha kwanza?

Muulize mtu yeyote anayependa riwaya za mizimu, hizi za vijana, ni gani ilimnyima usingizi. Karibu kila mara atakutajia kitabu cha kwanza cha mfululizo. Cha pili alikisoma pia, tena alikimaliza haraka na labda hata alikipenda kuliko cha kwanza, lakini ukimbana kidogo, kwani uliogopa? anaanza kutafuta maneno. Wengi hukimbilia kusema mwandishi alichoka ama alitaka tu pesa. Mimi sikubaliani nao. Kuna sababu ya kimwili na kuna sababu iliyo ndani ya hadithi yenyewe, na hiyo ya ndani ya hadithi ndiyo tamu zaidi kwa sababu inaeleza pia kwa nini tunaendelea kutafuta cha pili, cha tatu, mpaka cha tano.

Tuanze na mwili. Soma hii: msichana amelala, stima imepotea, anasikia mtu akivuta pumzi polepole chini ya kitanda, anajiambia ni dadake anamchezea, halafu anakumbuka dadake alirudi shule jana. Nimeitunga sasa hivi tu, haina damu, haina hata mzimu wenyewe, lakini kama uko peke yako usiku kuna kitu kimecheza hapo kifuani. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo inaitwa amigdala, kazi yake ni kunusa hatari, na hiyo haingojei ushahidi, inapiga kengele hapohapo. Adrenalini inaingia kwa damu, moyo unaongeza mwendo, vimisuli vidogo vilivyo kwenye shina la kila unywele vinajikaza ndio unaona vinyweleo vimesimama mkononi. Wakati huohuo sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya kufikiria, inakukumbusha uko Umoja, hapa Nairobi, kwa kitanda chako, jirani anapika chapati na redio yake iko juu. Mwili umeshajiandaa kukimbia na akili inajua hakuna kinachokufukuza, hapo katikati ndipo raha inazaliwa. Na ukifunga kitabu ule msisimko haukatiki ghafla, unabaki mwilini kwa muda ukigeuka kuwa nafuu, ndio maana mtu akimaliza sura ya kutisha anaweza kujikuta anacheka peke yake.

Kuna utafiti watu wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, walichapisha mwaka 2020. Waliwavisha watu 110 vifaa vya kupima mapigo ya moyo wakawaingiza kwa nyumba ya kutisha, zile za kulipa kiingilio ili waigizaji wakurukie gizani, halafu wakawauliza waliogopa kiasi gani na walifurahia kiasi gani. Ungedhani anayeogopa zaidi ndiye anafurahia zaidi, lakini sivyo. Raha ilikuwa juu kabisa pale katikati, woga ukiwa kidogo unaboa na ukizidi unageuka mateso. Hebu shika hiyo, kwa sababu mwandishi wa riwaya ya mizimu anatafuta hapo hapo katikati, na shida yake ni kwamba hapo katikati hapakai mahali pamoja. Ubongo ukiletewa kitu kilekile mara ya pili na ya tatu, na kila mara umetoka salama, unapunguza kengele. Mkono wa baridi unaoshika kifundo cha mguu unakurusha kitabu cha kwanza. Kitabu cha pili ukiona mguu umeachwa nje ya blanketi ushajua.

Lakini kuzoea ni sehemu ndogo tu ya jibu. Sababu kubwa ni kwamba kitabu cha kwanza cha mzimu, ukikichunguza vizuri, ni upelelezi. Nani alikufa hapa? Nani alimuua? Mbona hajaondoka, anataka nini? Kila sura inakupa kijibu kidogo na kuchukua kijigiza kidogo, mpaka kurasa za mwisho unajua jina lake, siku yake, mwuaji wake na kile kitakachomtuliza. Na ukishajua jina la mzimu na machungu yake huwezi kuuogopa vile uliuogopa ukiwa ni nyayo tu darini. Unauhurumia. Sisi wenyewe tuna mfano wa zamani wa Kiswahili, Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichapishwa 1960. Maiti inapatikana pale mahali pa mizimu ya wazee, watu wanaingiwa na hofu, halafu Bwana Msa, mpelelezi wa hadithi, anaanza kuuliza maswali yake taratibu. Kila swali likipata jibu, hofu ya mahali pale inapungua.

Sasa linganisha na hadithi tulizopeana bwenini baada ya taa kuzimwa. Yule mwanamke mrembo wa Mombasa, mtu anakutana naye usiku barabarani, wanaongea vizuri, halafu macho yanashuka chini yanakuta kwato badala ya miguu. Umeisikia mara ngapi? Na bado ukiwa unatembea usiku Mombasa unajikuta unaangalia miguu ya watu. Hiyo hadithi haijawahi kuisha makali kwa sababu hakuna aliyewahi kueleza yule mwanamke ni nani, alitoka wapi, alikosewa na nani. Kila anayeisimulia anasema ilimpata binamu wa rafiki yake, anafika pale kwenye kwato, ananyamaza. Haina mwisho na ndio maana haihitaji mwendelezo. Riwaya haiwezi kufanya hivyo. Ukisoma kurasa mia tatu na usiambiwe chochote utakasirika, na haki yako.

Kwa hivyo mwandishi wa kitabu cha pili anakaa mezani akiwa ashatumia silaha yake kubwa kabisa. Afanye nini? Wengine wanaleta mzimu mwingine mkubwa zaidi, maiti nyingi zaidi, damu zaidi, na hizo ndizo vitabu watu wanaacha nusu. Wengine, wale wazuri, wanahamisha woga. Hapa lazima nitaje mfano na nitaharibu utamu kidogo, kama hujasoma Anna Dressed in Blood ruka aya inayofuata.

Mwaka 2011 mwandishi Kendare Blake alitoa Anna Dressed in Blood. Kijana anaitwa Cas amerithi kisu cha babake, babake naye aliuawa na mzimu, na kazi ya Cas ni kuzunguka miji akimaliza mizimu inayoua watu. Anafika Thunder Bay, Kanada, kumtafuta Anna, msichana aliyeuawa 1958 akielekea densi, bado amevaa gauni lake jeupe lililolowa damu, na anayeingia nyumba yake anararuliwa. Sura za mwanzo zinatisha kweli, kwa sababu Anna hana maelezo, ni nguvu tu na hasira. Halafu anamwacha Cas hai. Kuanzia hapo swali linabadilika, si tena atatuua lini, ni mbona alimwacha huyu, na ukishaanza kuuliza hivyo tayari unampenda. Cha pili, Girl of Nightmares, kilitoka 2012, na Anna hayuko, ameenda mahali ambapo walio hai hawaendi, na Cas anaanza kumwona akiteseka. Angalia kilichotokea hapo. Mzimu tuliokuwa tunauogopa ndio sasa tunaogopa kuupoteza. Moyo unadunda vilevile lakini kwa sababu tofauti kabisa, na msomaji aliyefunga kile cha kwanza akilia hawezi kukiacha cha pili dukani. Huo ndio woga wa mtu aliyefiwa, na kusema ukweli nafikiri ni mzito kuliko ule wa kwanza, hata kama haukuamshi saa nane za usiku kuangalia chini ya kitanda.

Kuna njia nyingine, ya Jonathan Stroud kwenye Lockwood & Co., vitabu vitano kutoka 2013 hadi 2017. Uingereza yake imejaa mizimu kwa zaidi ya miaka hamsini na hakuna anayejua ilianzaje. Kila kitabu kina nyumba yake na mizimu yake, hiyo inaelezwa inaisha, lakini lile swali kubwa la chanzo linasukumwa mbele kitabu baada ya kitabu. Unapewa jibu dogo ushibe, kubwa linabaki jikoni linanukia. Na ana jambo lingine ambalo naona ni la akili sana: watoto na vijana ndio wanaona na kusikia mizimu sawasawa, ukikua uwezo unafifia, kwa hivyo watoto ndio wanatumwa usiku na minyororo ya chuma na chumvi za kuizuia mizimu huku watu wazima wakibaki nyuma kama mabosi. Kila kitabu wahusika wanaongeza umri kidogo. Yaani hata kama mizimu umeizoea, kuna saa inahesabu.

Hiyo inatuleta kwa swali ambalo wazazi huniuliza, mbona hawa watoto wa kidato cha pili wanapenda hivi vitu na dunia ina mambo ya kutosha ya kuogopesha? Angalia mzimu kwenye hizi riwaya huwa ni nani. Karibu kila mara ni mtu aliyedhulumiwa zamani na wakubwa wakanyamaza. Mji mzima unajua, mwalimu anajua, nyanya anajua, hakuna anayesema. Halafu anafika kijana mgeni, amehamia tu juzi, na yeye ndiye anauliza. Mzazi wake hamwamini, polisi hawamwamini, anayemwamini ni rafiki mmoja ama wawili. Ukiwa na miaka kumi na tano hiyo si ndoto, hayo ni maisha yako, unaanza kugundua kwa familia kuna mjomba hatajwi, kuna shamba liliuzwa na watu hawaongei, na ukiuliza unaambiwa mambo ya wakubwa. Riwaya ya mzimu inakwambia una haki ya kuuliza, na kwamba kilichofichwa kitatoka hata wakifunga mlango. Sijui kitabu kingine kinachompa kijana heshima hiyo waziwazi hivyo. Na si jambo la juzi, Mary Shelley alikuwa na miaka 18 mwaka 1816 alipoanza Frankenstein, baada ya marafiki waliokuwa karibu na ziwa Geneva kushindana kutunga hadithi za kutisha.

Sasa kwa sisi wa Nairobi kuna tatizo lingine. Vitabu vingi hivi tunavipata mitumba, vimepangwa juu ya gunia kando ya barabara katikati ya jiji, mia, mia mbili, ukijua kubembeleza unashusha. Na mitumba haiji kwa mpangilio. Utakuta cha pili, kimekunjika kona, jina la mtoto fulani wa Uingereza limeandikwa ndani kwa kalamu ya rangi, na cha kwanza hakipo na muuzaji hajawahi kukiona. Je, ukisome? Hapana, usikisome, lakini kinunue, kwa sababu kesho hakitakuwa hapo. Ukifungua tu, kurasa tano au kumi za mwanzo mwandishi analazimika kuwakumbusha wasomaji yaliyopita, na pale ndani ya aya moja utaambiwa mzimu ni nani, nani alimuua, nani alikufa mwisho. Aya hiyo moja inameza woga wote wa kitabu cha kwanza na hutaurudisha hata ukikipata baadaye. Kiweke. Uliza wenye maduka ya vitabu, pitia maktaba ya Kaloleni ama Makadara kama uko Eastlands, muulize rafiki aliye na simu yenye vitabu, cha kwanza kitapatikana.

Isipokuwa zile mfululizo ambazo kila kitabu kina mzimu wake na watu wake. Fear Street ya R. L. Stine ilianza 1989, na vingi vyake vinasimama vyenyewe, kinachorudi ni ule mji wa Shadyside tu. Hizo chukua yoyote utakayoikuta kwa gunia, hata kama ni ya kumi na moja, utaogopa sawa na aliyeanza ya kwanza.