Mafuta ya kitani hayalainishi kitako cha bunduki

Juzi nimeulizwa tena: "Fundi, kitako cha bunduki nikiloweke kwenye mafuta ya kitani siku ngapi ndipo kikubali kupindika?" Hata ukikiloweka mwaka mzima hakipindiki. Kinachopinda mbao ya mjozi, ile inayochongwa kitako, ni joto.

Mbao ni nyuzi zilizogandamana kwa lignini. Lignini ikipata moto hulainika, nyuzi zikasogea kidogo, na ikipoa hushika upya katika umbo ulilolibana. Unyevu husaidia, ndiyo maana mbao iliyokauka sana hudai joto kubwa zaidi. Mafuta kazi yake ni kubeba joto tu. Tunayapenda kuliko mvuke kwa sababu yanavuka nyuzi 100 za Selsiasi bila kuchemka, tena hayaivimbishi mbao pale ilipochongwa ili chuma cha bunduki kikae.

Usiponiamini, tafuta kitako kilichokufa baada ya kupindwa kwa mafuta, ukate shingo yake, ile sehemu nyembamba inayoshikwa mkononi, kwa msumeno. Ukingoni utaona utepe mweusi, mwembamba kama ganda la yai. Ndani mbao ni kavu, rangi yake ileile, na imepindika sawasawa na ukingo. Mafundi wanaopasha kitako joto kwa taa za infraredi nao hupaka mafuta kidogo ili uso usiungue, basi.

Matambara yenye mafuta hayo usiyarundike. Huwaka yenyewe.

Bunduki ya marisau kwa kawaida haina kilengeo cha nyuma; jicho ndilo kilengeo. Kwa hiyo kukipinda kitako milimita chache tu, kulia kwa mtu wa mkono wa kulia, kushoto kwa wa shoto, kunatosha kumfanya apige anapotazama. Lakini kabla ya kuwasha moto natazama nyuzi shingoni. Zikifuata urefu wa shingo, kazi ipo. Zikikatiza mshazari naikataa, hata mteja akinuna. Joto haliungi nyuzi zilizokatika.

Naipinda kupita kipimo kidogo, maana mbao hurudi, kisha naiacha ipoe kwenye jigi, kibanio kinachoishika umbo, mpaka kesho yake. Vitabu huishia hapo. Mimi nimeona vitako vikirudi miezi baadaye, na vingine vya mbao ya aina ileile, ukavu uleule, vikabaki pale pale. Kwa kukitazama tu siwezi kukuambia kipi kitarudi, na fundi anayekuhakikishia anakudanganya. Kwa hiyo mteja wangu namwambia akilete baada ya msimu nikipime. Kikiwa kimerudi, nakipinda tena bila malipo.