Mlio wa Simu Si Tabia ya Mtu: Dhana Potofu na Ukweli

Siku kijana alipokuja kujitambulisha kwetu, akitaka kumwoa binti wa kaka yangu, simu yake ililia katikati ya mazungumzo. Ulikuwa mlio wa singeli, mkali na wa kasi, uliojaza sebule nzima kabla hajaufikia mfuko wake. Baba mdogo aliniinamia sikioni akasema, "Huyu ni mtu wa vigodoro. Mtoto wetu ataumia," akimaanisha ngoma za mitaani za kukesha. Kijana alikuwa bado hajamaliza hata kutaja ukoo wake. Hukumu ya namna hiyo nimeisikia mara nyingi, na imejengwa juu ya dhana ambazo hazina msingi.

Dhana potofu: Mpenda singeli ni mhuni.

Ukweli: Singeli ilizaliwa uswahilini, katika mitaa ya Dar es Salaam kama Manzese, Tandale na Mburahati, ikachota kwenye mchiriku na taarabu, na mapigo yake hupita 200 kwa dakika. Mtoto aliyekulia mitaa hiyo aliusikia muziki huo kwenye harusi za majirani, kwenye bajaji na kwenye vibanda vya kunyolea nywele, muda mrefu kabla hajafikia umri wa kuchagua chochote. Kwa hiyo mlio wa simu unaweza kutudokeza mahali mtu alikolelewa, nasi tukaichukua dharau tuliyo nayo juu ya mtaa ule tukamvika yeye. Ni kweli kwamba katika baadhi ya vigodoro watu hulewa na kupigana, lakini anayepigana hushitakiwa kwa kupigana, wala si kwa wimbo uliokuwa ukipigwa wakati huo.

Tena hukumu hii si mpya. Novemba 1969 muziki wa soul kutoka Marekani ulipigwa marufuku jijini Dar es Salaam kwa hoja ileile ya kuharibu vijana, na waliokuwa wakiucheza walionekana watu waliopotoka. Vijana wale leo ni wazee wa miaka zaidi ya 70. Wamo miongoni mwao walimu wastaafu, mashehe, wazee wa kanisa na mababu tunaowapelekea wajukuu wakawafunde adabu. Inanisikitisha kwamba baadhi yao ndio wanaotamka leo, juu ya singeli, maneno waliyotamkiwa wao.

Dhana potofu: Wataalamu wamethibitisha kwamba muziki humwanika mtu.

Ukweli: Utafiti upo, ila hausemi hivyo. Mwaka 2003 wanasaikolojia Peter Rentfrow na Samuel Gosling walichapisha uchunguzi uliohusianisha aina za muziki na silika za watu, na mwaka 2006 wakaonyesha kwamba mgeni akisikilizishwa nyimbo kumi anazozipenda mtu asiyemjua anaweza kukisia baadhi ya silika zake, hasa kama ni mtu wa kupenda mambo mapya. Habari ikaenea kuliko ushahidi wenyewe. Thomas Schäfer na Claudia Mehlhorn walipokusanya pamoja matokeo ya tafiti nyingi, mwaka 2017, walikuta kwamba uhusiano kati ya silika na muziki, kwa sehemu kubwa, ni mdogo mno. Udogo huo ni wa kuzingatiwa: uhusiano wa 0.1, kwenye kipimo ambacho 1 ni uhusiano kamili, unaeleza asilimia 1 tu ya tofauti zilizopo kati ya watu, na asilimia 99 inabaki nje. Isitoshe, kinachopimwa katika tafiti hizo ni mambo kama uchangamfu, wasiwasi na udadisi. Mtu mchangamfu anaweza kukudhulumu, na mwenye wasiwasi anaweza kukutunzia amana yako mpaka senti ya mwisho.

Dhana potofu: Anayesikiliza zilizopendwa ametulia.

Ukweli: Ana umri, au amelelewa na mwenye umri. Watu wengi hushikamana na nyimbo walizozisikia ujanani, na kabla ya sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 kufungua mlango kwa vituo binafsi, mwenye redio Tanzania Bara alisikiliza zaidi Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyopiga sana muziki wa dansi. Waaminifu waliusikia, na wezi waliusikia.

Dhana potofu: Mtazamaji wa tamthilia za Kituruki hana fikra pana.

Ukweli: Kinachopendwa na umati hakiwezi kuwachambua watu waliomo katika umati huo. Muuguzi anayetoka zamu, mwanafunzi wa sheria na mama muuza vitumbua hukaa mbele ya kipindi kilekile saa ileile, na nyumba nyingi zina televisheni moja, hivi kwamba mtu hutazama kilichowashwa.

Siku ile ya kujitambulisha, mama yangu hakuwa amesikia mnong'ono wa baba mdogo. Alimwuliza kijana kazi yake. Akajibu kwamba anachoma mikate, huamka saa tisa usiku, na aliomba radhi kwa kelele za simu, kwa kuwa mlio ule ndio pekee unaoweza kumtoa usingizini. Mama akaendelea.

"Deni unalo, mwanangu?"

"Ninalo, bibi, la baiskeli ya kusambazia. Limebaki la miezi miwili."

"Na mama yako anakula kwa nani?"

"Kwangu, tangu baba alipofariki."

Maswali yalichukua karibu saa nzima, na baba mdogo naye akaanza kuuliza ya kwake.