Aspirini ikinuka siki, kuna kitu kimeng'oka

Fungua kichupa cha aspirini kilichokaa sana afu unuse. Ukisikia siki, jua hiyo dawa imeanza kurudi ilikotoka, na mi naipenda hiyo harufu kufundishia maana kemia karibu yote ya aspirini iko humo.

Molekuli yenyewe ni C9H8O4. Kuna pete ya benzini, kaboni sita zimeshikana duara, na ubavuni mwake vimekaa vikundi viwili majirani: cha kwanza ni COOH, ndo asidi yenyewe, cha pili ni asetili iliyoning'inia kwenye oksijeni, hiyo ndo esta, maji yakiivunja asetili inatoka kama asidi ya asetiki, ndo siki yenyewe. Ing'oe asetili uweke haidrojeni, hapo oksijeni inakuwa OH, unabaki na asidi salisiliki, inatuliza maumivu kweli ila tumbo litakusema. Felix Hoffmann wa Bayer, kampuni ya dawa ya Ujerumani, mwaka 1897 ndo akapata aspirini safi, japo mkemia Gerhardt kule Ufaransa alishaigusa tangu 1853.

Kuitengeneza wala sio kazi. Asidi salisiliki, anhidridi ya asetiki (ndo inayotoa asetili), matone kadhaa ya asidi sulfuriki kama kichocheo, unaisimamisha chupa kwenye maji ya moto kama robo saa hivi, ukiweka maji baridi fuwele nyeupe zinashuka, zikigoma unakwaruza chupa kwa ndani na kijiti cha kioo na ghafla zinaanza kuota kama sindano. Mimi mara ya kwanza nilitumia chupa niliyoiosha nikaona uvivu kuikausha, maji yakala anhidridi, maabara nzima ikanuka siki, na nilipodondoshea feri kloridi ikawa zambarau tiii. Zambarau maana yake OH bado iko kwenye pete, yaani nilichopata ni kilekile nilichoweka! Aspirini safi haitoi hiyo rangi.

Gramu 2 za asidi salisiliki kwa hesabu zinatoa aspirini gramu 2.6 hivi, sasa mwanafunzi akiniletea 3 anachekelea namrudisha tu akakaushe.

Mwilini napo ni asetili ileile. Aspirini inaikabidhi kwa kimeng'enya cha COX, inanata kwenye serini namba 530, yaani asidi amino mojawapo ya hicho kimeng'enya, njia inaziba na prostaglandini, kemikali zinazochochea maumivu, hazitengenezwi. Chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda kwa msaada wa COX hiyohiyo, hazina kiini kwa hiyo haziwezi kujitengenezea COX nyingine ya maana, zinakaa hivo hivo mpaka zife, siku 7 hadi 10, ndo maana kabla ya upasuaji daktari anauliza kama umemeza aspirini.

Kile kichupa kinachonuka kitupe, asetili yake imeshaanza kuishia hewani.