Je, wajua kwa nini Wasioux, wenyeji asilia wa Marekani, walijitoboa vifua katika Ngoma ya Jua?

Tarehe 2 Januari 1875, jarida la Marekani la Harper's Weekly lilichapisha mchoro wa Jules Tavernier na Paul Frenzeny: vijana wa Kisioux wamefungwa kamba vifuani na kuunganishwa na mti, watu wamewazunguka wakitazama. Maelezo yake yalisema vijana hao wanajitesa ili waonyeshe ustahimilivu wao. Tavernier alikuwa ameiona ngoma hiyo huko Nebraska mwaka 1874, lakini kuona ni kimoja na kuelewa ni kingine.

Walakota, tawi kubwa la Wasioux, huiita wiwanyang wacipi, yaani kucheza huku ukilitazama jua. Na kilichowapeleka watu pale mtini ni nadhiri. Mtu amezingirwa na maadui, au mwanawe yu mahututi. Anamwomba Wakan Tanka, yaani Muumba, na kuahidi kwamba akivuka salama, kiangazi kijacho atacheza. Akivuka, anadaiwa.

Deni hilo lililipwa kwa siku kadhaa bila kula wala kunywa, filimbi ya mfupa wa tai mdomoni. Mti wenyewe ulitafutwa na wapelelezi kana kwamba ni adui, ukaangushwa na kubebwa kwa heshima hadi katikati ya uwanja. Vijiti vilipenyezwa chini ya ngozi ya kifua, vikafungwa kamba iliyotoka mtini, na mchezaji akavuta kwenda nyuma hadi ngozi ikachanika. Wengine waliburuta mafuvu ya nyati kwa migongo yao.

Kwa nini ngozi, asitoe farasi? Farasi walitolewa pia, tena kwa wingi, wakapewa maskini. Ila Walakota husema mali yote ni ya Muumba tangu hapo; kilicho chako kweli ni mwili wako tu.

Juni 1876, karibu na kijito cha Rosebud huko Montana, Sitting Bull, kiongozi wa Walakota, aliahidi vipande 100 vya ngozi yake. Aliketi ameegemea mti, na Jumping Bull, aliyemfanya ndugu yake, akawa anainua ngozi kwa ncha kali na kuikata kwa kisu, kidogo kidogo, 50 kila mkono. Kisha Sitting Bull akacheza hadi akazimia. Alipozinduka alisema ameona askari wa Marekani wakianguka vichwa chini katika kambi ya Wasioux. Tarehe 25 Juni, Custer, kamanda wa jeshi la Marekani, na kikosi alichokiongoza mwenyewe waliangamia vitani karibu na mto Little Bighorn.

Mwaka 1883 serikali ya Marekani iliipiga marufuku ngoma hiyo. Aliyecheza, kwa kosa la kwanza, alinyimwa posho ya chakula hadi siku 10, adhabu nzito kwa watu ambao nyati wao walikwisha kumalizwa. Ngoma ikahamia mafichoni. Sheria ya uhuru wa dini za wenyeji wa Marekani ilikuja 1978.

Siku hizi inachezwa tena kila kiangazi, na viwanja vingi haviruhusu kamera. Ndiyo maana ukiitafuta mtandaoni bado unakutana na michoro kama ule wa Tavernier.