Ramani ya Jeni za Ngano na Kitendawili cha Mavuno

Mtu akitembelea vitalu vya majaribio ya ngano huko Njoro, nchini Kenya, wakati kutu ya shina, ugonjwa wa ngano unaoletwa na kuvu, imeshamiri, ataona mimea iliyojaa vidonda vya rangi ya matofali ikiwa bega kwa bega na mingine iliyobaki ya kijani. Miongoni mwa ile iliyohimili, baadhi huwa na weusi kwenye vifundo vya shina na kwenye maganda ya masuke. Weusi huo si ugonjwa. Ni dalili inayoambatana na Sr2, jeni iliyoko kwenye kromosomu (uzi unaobeba jeni) iitwayo 3B, ambayo hupunguza kasi ya kutu bila kuizuia kabisa. Kabla ya kuwapo vipimo vya vinasaba, watafiti wa mbegu waliutumia weusi huo kuchagua mimea yenye jeni hiyo. Kanuni hiyohiyo, ya kuitambua jeni isiyoonekana kwa alama iliyo jirani nayo, ndiyo msingi wa kuchora ramani ya jeni.

Kinga dhidi ya kutu inaweza kutegemea jeni moja kubwa, na hapo ndipo palipo pia udhaifu wake: jeni iitwayo Sr31 ililinda ngano ya nchi nyingi hadi aina ya kutu iliyobainika Uganda mwaka 1998, inayojulikana kama Ug99, ilipoishinda. Mavuno ni jambo jingine kabisa. Hakuna jeni ya mavuno. Kilo anazopima mkulima ni matokeo ya idadi ya masuke katika eneo, idadi ya punje katika kila suke, na uzito wa kila punje, na kila moja kati ya hizo hutawaliwa na jeni nyingi zenye mchango mdogomdogo. Zaidi ya hayo, sifa hizi huvutana: suke likibeba punje nyingi, mara nyingi kila punje huwa nyepesi zaidi, kwa sababu chakula kinachotengenezwa na mmea ni kilekile.

Ngano yenyewe haikurahisisha kazi. Ngano ya mkate ina kromosomu 42, yaani jozi 21, zilizotoka kwa mimea mitatu ya asili, ndiyo maana sisi watafiti tunazitaja kwa herufi A, B na D. Vinasaba vyake vina herufi za kemikali zipatazo bilioni 16, ilhali vya binadamu vina takriban bilioni 3, na ramani kamili ya rejea ilichapishwa mwaka 2018 tu. Jeni moja mara nyingi ina nakala tatu zinazofanana, hivyo nakala moja ikibadilika, nyingine mbili huendelea na kazi na kulificha badiliko hilo.

Utafutaji huanza kwa mikono. Mtafiti huchagua wazazi wawili wanaotofautiana, tuseme mmoja mwenye punje nzito na mwingine mwenye punje nyingi, kisha hutoa mifuko ya chavua kwenye suke la mmoja kwa koleo ndogo kabla haijapasuka, na kulipaka chavua ya mwenzake. Uzao wake huachwa ujichavushe, kizazi baada ya kizazi, punje moja ikichukuliwa kila mara kwa kila ukoo, hadi zipatikane koo mia moja au mia mbili ambazo kila moja imetulia na mchanganyiko wake wa urithi wa wazazi hao. Maabara husoma maelfu ya alama, yaani sehemu ambapo wazazi hao wawili hutofautiana, kwenye vinasaba vya kila ukoo. Shambani, koo hizohizo hupandwa kwa marudio katika vituo kadhaa na kwa misimu kadhaa. Kisha tunauliza swali moja kwa kila alama: je, koo zilizorithi alama hii kwa baba zinatofautiana kweli na zilizoirithi kwa mama? Kwa desturi hatukubali jibu la ndiyo mpaka uwezekano wa kuwapo jeni hapo uzidi uwezekano wa kutokuwapo kwa mara 1,000 au zaidi.

Hata jibu hilo huhitaji kusomwa kwa uangalifu, na kwa maoni yangu hapa ndipo makosa mengi hutokea. Eneo la kromosomu linaloonekana kuongeza mavuno huenda likawa ni la jeni Ppd-D1 kwenye kromosomu 2D, ambayo kazi yake ni kuamua lini ngano ichanue kulingana na urefu wa mchana. Mahali ambapo mvua hukatika mapema, kuwahi kuchanua huokoa mavuno. Penye msimu mrefu, jeni hiyohiyo huyapunguza.

Mfano mkubwa zaidi ni jeni za ufupi zilizoko kwenye kromosomu 4B na 4D, zilizotoka kwa ngano ya Kijapani iitwayo Norin 10. Mtafiti wa mbegu Norman Borlaug alizitumia nchini Mexico kuzalisha ngano fupi isiyoanguka hata inapowekewa mbolea nyingi, na mwaka 1970 akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Mmea wenye jeni hizo hauitiki ipasavyo kwa homoni ya kurefusha shina, kwa hiyo sehemu kubwa zaidi ya chakula chake huenda kwenye punje. Lakini jeni hizo hufupisha pia ala inayolinda chipukizi linapopasua udongo, na mkulima wa eneo kavu anayelazimika kufukia mbegu chini sana ili ifikie unyevu huona mimea yake ikiota kwa mapengo. Kwa maeneo ya namna hiyo, jeni nyingine ya ufupi, Rht8, inafaa zaidi, kwa kuwa haiifupishi ala hiyo.

Wananchi wengi hutuuliza kama mbegu hizi zimebadilishwa vinasaba. Kutumia alama kuchagua uzao hakuingizi jeni yoyote kwenye mmea. Kipande cha jani la mche husomwa maabara ili kujua urithi uliopatikana kwa uchavushaji wa kawaida. Kwa jeni mojamoja kama Sr2 kipimo hicho huokoa misimu mizima. Kwa mavuno, jeni zikiwa nyingi na ndogo, siku hizi alama zote hujumlishwa pamoja ili kukadiria thamani ya kila ukoo, na makadirio hayo hufaa pale tu koo zilizotumika kuyaandaa zilipopimwa katika mazingira yanayofanana na mashamba yatakayopokea mbegu.