Muhuri wa posta hauthibitishi kwamba stempu ni halisi

Nimetumiwa tena picha ya stempu ya meli ya Kaiser, ile ya Deutsch-Ostafrika, yaani koloni la Mjerumani huku kwetu, yenye muhuri wa DODOMA uliokaa katikati, duara zima, kila herufi inasomeka. Kijana aliyeinunua mtandaoni anaishi hapa hapa Dodoma na alikuwa ameshalipa. Nilipomwuliza ameikaguaje, akanijibu: "Mzee, si unaona ina muhuri?"

Jibu hilo nimelisikia kwa walimu, kwa wahasibu, kwa vijana wanaouza simu, hata kwa watu wenye albamu nzuri nyumbani. Nimechoka kulijibu kwa mstari mmoja mmoja kwenye simu.

Muhuri wa kijana huyo ulikuwa na tarehe ya 1917. Majeshi ya upande wa Waingereza, chini ya Jenerali van Deventer, yaliingia Dodoma mwishoni mwa Julai 1916. Mwaka 1917 hapakuwa na karani wa posta ya Mjerumani Dodoma wa kugonga muhuri huo. Aliyeutengeneza hakuangalia hata mwaka mji ulipotekwa. Lakini msitegemee bahati ya namna hiyo. Waghushi wengi historia wanaijua, na tarehe wanachagua vizuri.

Naelewa imani hii ilikotoka. Maisha yetu ni mihuri: barua ya mwenyekiti wa mtaa, nakala ya cheti iliyothibitishwa na wakili, fomu ya mkopo. Karatasi isiyo na muhuri inarudishwa dirishani. Mtu aliyezoea hivyo akiona muhuri juu ya stempu, moyo unatulia. Kwenye stempu mambo yamegeuka. Muhuri ndio kitu rahisi kuliko vyote kughushi, na mara nyingi ndio uliobeba bei.

Kutengeneza stempu nzima ya mwaka 1905 ni kazi kubwa: upate karatasi yenye alama ya maji, ile inayoonekana ndani ya karatasi ukiishika kwenye mwanga, rangi inayofanana, mashine ya kuchapa, mashine ya kutoboa meno ya ukingoni. Kughushi muhuri kunahitaji fundi wa mihuri, wino na mkono usiotetemeka. Ndiyo maana mghushi mwenye akili haitengenezi stempu. Ananunua stempu halisi ya bei ndogo, anaigonga muhuri wa uongo, anaiuza kwa bei ya stempu adimu. Wewe ukipima karatasi, ukapima meno, ukatazama alama ya maji, vyote vinakuambia ni halisi, kwa sababu ni halisi kweli. Cha uongo ni kile kimoja ulichokuwa unakiamini.

Basi mtu akiniuliza "hii ni orijino au feki?" sina jibu moja la kumpa, na ananiona namzungusha. Stempu moja ina maswali kadhaa, na kila moja lina jibu lake. Karatasi na chapa ni za wakati ule? Ovaprinti, yaani maneno yaliyoongezwa juu ya stempu iliyokwisha kuchapwa, ni ya kweli? Muhuri uligongwa posta, siku ile, au uligongwa sebuleni mwaka jana? Gundi ni ya kiwandani au imepakwa upya? Meno yapo kama yalivyotoboka au kuna upande umekatwa ukatobolewa tena? Stempu inaweza kupita maswali manne ikaanguka la tano, na likianguka la muhuri pesa yako imekwenda.

Pesa iko wapi hasa? Stempu za makoloni ya Mjerumani zilichapwa Berlin. Vita vilipokata njia za bahari, ziliendelea kuuzwa kwa wakusanyaji huko huko Berlin, na baadhi ya chapa za wakati wa vita hazikufika kabisa kwenye koloni. Kwa hiyo kuna stempu ambazo mpya, na gundi yake, unaipata kwa bei ya chai na chapati, lakini iliyotumika ni ghali mno, au haiwezekani kuwapo. Mtu ana rundo la mpya zisizouzika. Kishawishi kiko wazi.

Huku kwetu kati kuna kishawishi kingine. Muhuri wa DAR-ES-SALAAM ni wa kawaida, lakini wa MPAPUA, kama Wajerumani walivyoandika Mpwapwa, au KILIMATINDE, au KONDOA-IRANGI, wakusanyaji wanaugombania. Stempu ni ile ile, rangi ni ile ile, bei ni mbingu na ardhi kwa sababu ya jina la kituo tu. Halafu kuna mihuri ya treni, BAHNPOST, iliyogongwa ndani ya mabehewa ya reli ya kati. Nayo ni mitamu kwa anayeghushi.

Kuna pia sura ya stempu zilizooshwa. Kenya na Uganda walitoa kuanzia mwaka 1922 mfululizo wa Mfalme George V uliopanda mpaka pauni 100. Hakuna aliyetuma barua ya pauni 100. Stempu hizo kubwa zilibandikwa kwenye hati kama malipo ya ushuru, na kufutwa kwa kalamu au kwa muhuri wa ofisi ya serikali. Iliyotumika kwenye hati ni ya bei ndogo. Ya posta ni ya bei kubwa. Basi wino wa kalamu unaondolewa kwa kemikali, muhuri wa posta unawekwa mahali pake. Ukiiweka chini ya taa ya urujuanimno, ile wanayotumia makeshia kukagua noti, mara nyingi mstari wa saini ya zamani unaonekana kama kivuli chini ya muhuri mpya. Ukiuona, usibishane na muuzaji. Rudisha.

Wanaodhani uongo huu ni wa vijana wenye kompyuta, wamsome Madame Joseph. Huyo alikuwa na mihuri ya uongo ya miji ya makoloni ya Uingereza, mamia, iliyotumika London katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mihuri yenyewe sasa iko mikononi mwa Royal Philatelic Society London, chama cha wakusanyaji stempu, na tarehe zake zimeorodheshwa. Kwa hiyo bahasha au albamu ya zamani ya familia ya Kiingereza haikulindi: mababu nao waliuziwa. Na orodha za tarehe zenyewe zinatupa tabu ambayo vitabu havipendi kuitaja. Tarehe yako ikifanana na ya kwenye orodha, una sababu ya kushuku, lakini posta halisi nayo ilikuwa wazi siku ile, na barua halisi ziligongwa.

Sasa namna ninavyoutazama muhuri. Nachukua lenzi ya kukuza mara 10, nakaa dirishani asubuhi, sitazami stempu yote. Natazama ukingo wa herufi moja. Muhuri wa chuma uliogongwa kwa nguvu unabonyeza karatasi. Ukigeuza stempu na kuilaza ili mwanga upite pembeni, mara nyingi unaona mgongo wa herufi umejitokeza nyuma. Wino unakuwa mzito sehemu moja na hafifu nyingine, kwa sababu karani aligonga haraka akiwa na rundo la barua mbele yake. Muhuri wa mpira una ukingo uliovimba, wino umekimbilia pembeni. Wa printa ya wino unajitoa wenyewe: kile ulichodhani ni cheusi, chini ya lenzi ni vidoa vya bluu, waridi na njano vilivyopangana. Hicho ukikiona, kazi imekwisha.

Kinachofuata ni mpangilio wa wino, na hapa ndipo ningependa watu wakae muda mrefu. Chukua stempu za Zanzibar zenye JAMHURI 1964. Baada ya Mapinduzi ya Januari, stempu za Sultani zilizokuwapo posta ziligongwa maneno hayo kwa mkono kwanza, kabla ya kuletwa zilizochapwa vizuri. Za kugongwa kwa mkono ndizo zinazotafutwa, na kwa kuwa ziligongwa kwa mkono, mtu yeyote mwenye kidude cha kugongea na stempu za Sultani, ambazo ni rahisi, anaweza kujitengenezea. Tazama mahali neno JAMHURI linapokutana na mstari wa muhuri wa posta. Posta ilitoa stempu ikiwa tayari ina JAMHURI, kisha barua ikagongwa. Kwa hiyo wino wa muhuri lazima uwe juu. Ukikuta JAMHURI imepanda juu ya muhuri, neno limeongezwa baada ya stempu kumaliza safari yake. Na kabla ya lenzi, soma tarehe kwanza: nimeonyeshwa JAMHURI 1964 yenye muhuri wa 1962. Mwenye nayo alikuwa ananionyesha muhuri huo kama ushahidi wake.

Kusema kweli, wino mweusi juu ya wino mweusi hauamuliki kirahisi. Kuna stempu ninazizungusha kwenye mwanga nusu saa nikaishia kusema sijui. Za Mafia ni mbaya zaidi. Kisiwa kilitekwa Januari 1915, Waingereza wakagonga stempu walizozikuta huko kwa mihuri ya mkono, chache, wino wa rangi tofauti tofauti. Kila kitu kinachomfurahisha mghushi kimekusanyika hapo. Zipo stempu za Mafia ambazo hata wataalamu wenye nakala halisi mkononi wanakataa kuzitolea maoni. Anayekuambia "hii Mafia naijua kwa macho" kutoka kwenye picha ya simu, mwogope.

Mengine nayapitia upesi. Meno: stempu nyingi za Kenya, Uganda na Tanganyika za Mfalme George VI, kuanzia 1938, zinatofautiana bei kwa idadi ya meno tu, na wauzaji wana tabia ya kuandika ile ya ghali. Omba skani yenye rula pembeni, hesabu meno katika sentimita 2 mwenyewe. Taa: karatasi ya 1905 isiwake weupe wa bluu, maana kemikali za kung'arisha karatasi zilienea baada ya Vita Kuu ya Pili, ila iliyooshwa kwa sabuni ya unga nayo inawaka, kwa hiyo taa inakuonya, haihukumu. Katalogi: bei ya Stanley Gibbons, wauza stempu wa Uingereza, ni bei ya duka lao kwa nakala nzuri, si bei utakayolipwa wewe ukiuza. Na stempu za UHURU 1961 za babu yako, nasikitika, zilichapwa kwa wingi.

Mtandaoni, usianze na stempu. Anza na muuzaji. Fungua vitu vyote anavyouza. Ukikuta stempu tano tofauti zenye muhuri wa kituo kile kile kidogo, tarehe ile ile, umelala pembe ile ile, funga ukurasa. Kilimatinde haikuwa na wateja wengi kiasi hicho siku moja. Picha iwe ya mbele na nyuma, skani, si ya simu. Anayeandika "imetoka kwenye mirathi, mimi si mtaalamu, hairudishwi" huku ameiwekea bei ya mtaalamu, amekwisha kukuambia anachojua. Mwandikie kabla ya kulipa, na ajibu kwa maandishi, kwamba unanunua kwa sharti la kupata cheti cha wataalamu kwamba stempu ni halisi, na muda wa kurudisha ni mrefu wa kutosha barua kutoka Dodoma kwenda Ulaya na kurudi. Lipa kwa kadi inayokuruhusu kulalamika benki. Pesa uliyomrushia mtu kwa simu haina wa kuilalamikia. Na aandike S.L.P. yako na namba ya simu kwenye bahasha, atume kwa rejista.

Cheti nacho kina watu wake wanaokiabudu kama muhuri. Kwa stempu za Kiingereza kuna cha Royal Philatelic Society London na cha BPA, wakaguzi wengine wa Uingereza. Kwa za Kijerumani kuna wakaguzi wa BPP, umoja wa wakaguzi wa stempu wa Ujerumani, ambao pia hugonga alama ndogo nyuma ya stempu. Alama hizo ndogo zimeghushiwa. Vyeti halisi vimeuzwa pamoja na stempu nyingine zisizo zake. Chukua picha iliyo kwenye cheti, linganisha jino kwa jino na stempu uliyonayo, hasa pembe na mahali muhuri unapokatia mchoro, kisha waandikie waliokitoa ukitaja namba. Cheti ni maoni ya watu waliokaa mezani mwaka fulani na vifaa vya mwaka huo. Vipo vya zamani vilivyobatilishwa. Hata hivyo, kwa stempu ya bei kubwa nakitaka, tena kipya, na ya bei ndogo siisumbui kuipeleka, maana ada na posta vitazidi stempu yenyewe.

Nitaendelea kutazama mnavyonitumia, bure kama kawaida. Nitumieni skani ya mbele na nyuma, angalau dpi 1200, rula pembeni, stempu imetolewa kwenye plastiki, pamoja na maneno kamili ya muuzaji. Ikiwa muda wa kurudisha unakaribia kuisha, andikeni hivyo mstari wa kwanza, nianze na yenu. Kijana wa DODOMA 1917 ana siku chache, na barua yake kwa muuzaji tumeiandika pamoja.